Shingo ndefu, nyonga pana: Picha za mpakani na kipimo cha urembo wa binti zetu

KUTOKA stendi ya matatu ya Busia hadi lango la forodha, mpita njia hutazamwa na wanawake wengi waliochorwa. Wako kwenye milango ya saluni, kwenye kuta za vibanda vya kusukia nywele, juu ya madirisha ya maduka ya nguo na mbele ya baa. Malaba ni vivyo hivyo. Hata ukiiacha miji hii miwili ya mpakani ukaingia Chakol au Amukura, penye maduka machache hapakosi kibao cha bati au plaiwudi chenye kichwa cha mwanamke aliyesukwa akasukika.

Watazame kwa makini. Shingo zao ni ndefu kuliko ya mtu yeyote anayepita barabarani. Macho ni makubwa, midomo imejaa, kiuno kimebanwa hadi kinakaribia kukatika, na nyonga zimetanda hadi ukingo wa bango. Rangi ya ngozi mara nyingi ni nyeupe kuliko ya wateja wanaoingia mlangoni humo. Wanaume nao wamepewa sehemu yao: kwenye kibanda cha kinyozi taya ni la pembe mraba, na penye ukumbi wa kunyanyulia vyuma mkono wa mchoro ni mnene kuliko paja la mtu.

Makala haya yanawatetea wachoraji wa mabango hayo, na yanawatetea pia mabinti wanaopita chini yake wakienda shule. Kukuza kiungo kimoja na kupunguza kingine ni kazi halali ya sanaa, tena kazi kongwe hapa kwetu. Madhara huanza pale picha iliyokuzwa inapogeuzwa kipimo cha kumpimia mtu aliye hai.

HESABU YA MCHORAJI

Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa vyake saba, au saba na nusu. Ukikipima kichwa chake kutoka utosini hadi kidevuni, kisha ukaushusha urefu huo hadi nyayoni, utaurudia mara hizo. Walimu wa kuchora huwaruhusu wanafunzi kufikisha vichwa vinane ili umbo lipate madaha. Wachoraji wa mitindo ya nguo hufika tisa, hata kumi, na nyongeza karibu yote huenda miguuni ili gauni lining'inie vizuri.

Mchoraji wa bango la saluni hufuata hesabu nyingine. Bidhaa inayouzwa ni nywele, kwa hiyo kichwa lazima kiwe kikubwa, na mabega yapunguzwe yasile nafasi. Shingo hurefushwa ili mistari ya msuko ishuke ionekane na hereni zipate pa kuning'inia. Bango la baa lina mteja wake pia. Malaba ni mlango mkuu wa shehena zinazotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Dereva na utingo wake walio juu ya trela huliona bango kwa mbali, tena kwa muda mfupi. Kwa umbali huo sura haisomeki. Umbo ndilo linalosomeka. Mchoraji mwenye makopo machache ya rangi ya mafuta na brashi mbili tatu hulazimika kusema jambo lake kwa mstari mmoja mnene, na mstari huo ndio unaozaa kiuno cha nyigu na nyonga za ajabu.

Kuhusu weupe wa ngozi, sababu mara nyingi iko kwenye kielelezo. Wengi huchora kwa kufuatisha picha zilizo kwenye pakiti za nywele bandia, makopo ya mafuta ya nywele na magazeti ya mitindo. Picha hizo zilipigwa mbali na hapa, kwa ajili ya soko la mbali na hapa. Mchoraji anaponakili msuko hunakili na uso uliobeba msuko huo.

Biashara hii ya picha za mwanamke wa ndoto inajulikana kote ambako Kiswahili kinasemwa. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi na miji mingine ya migodi ya Katanga waliziuzia familia za mjini picha za mamba muntu, yule mwanamke nusu mtu nusu samaki. Walimchora na nywele ndefu zilizonyooka, ngozi nyeupe na mapambo ya bei, naye akatundikwa sebuleni. Watazamaji walijua kisa chake: huleta utajiri wa ghafla, na hudai malipo makubwa. Aliyemtundika ukutani alijua anatundika tamaa na onyo kwa pamoja. Hakuna mzazi aliyemwonyesha binti yake picha hiyo akamwambia afanane nayo.

WALIOTANGULIA KUKUZA

Watu wa Teso hawana haja ya kwenda Ulaya kujifunza kwamba mchoraji ana haki ya kutofuata kipimo cha macho. Katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, upo mwamba wa Kakapel, ambao leo ni turathi ya taifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Juu ya jiwe lile wamechora watu wa vizazi mbalimbali, tabaka juu ya tabaka. Michoro inayohesabiwa kuwa ya kwanza ni maumbo ya duara na mistari ya wawindaji wa kale. Baadaye wakaja wafugaji wakachora ng'ombe. Ng'ombe wale hawafanani na wa picha ya kamera. Mchoraji alichagua alichokithamini akakitokeza, na mengine akayaacha. Alikuwa akimsifu mnyama aliyemlisha.

Wanaakiolojia waliochimba hapo walieleza mwaka 2024 kwamba walipata kunde za tangu miaka 2,300 iliyopita, kunde kama hizi zinazochumwa leo katika mashamba ya Chakol. Jamii iliyoishi chini ya mwamba ule ilikuwa ya watu wa kazi.

Mfano wa pili unatoka Mumias, mwendo mfupi kutoka Busia. Huko ndiko alikozaliwa Gregory Maloba mwaka 1922. Alivuka kwenda Makerere, akafundishwa na Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo hicho, kisha akawa mwalimu hapo. Sanamu yake inayojulikana zaidi ni Mnara wa Uhuru wa Kampala, wa mwaka 1962. Ni mama mrefu mno, mwili wake umefungwafungwa kwa vitambaa toka chini, na juu kabisa amemnyanyua mtoto aliyeinua mikono. Hakuna mama wa Mumias wala wa Kampala mwenye mwili wa namna hiyo. Maloba aliurefusha mwili ule kwa sababu alikuwa akisema habari ya nchi iliyokuwa imefungwa na mtoto aliyekuwa amezaliwa huru. Mwenye kuutazama huinuka moyo. Hakuna binti anayeondoka pale akiuchukia mwili wake.

Wazungu nao wamelifanya jambo hilo, na mara nyingi kwa nia nyingine. Mwaka 1814 mchoraji Mfaransa Ingres alimchora mwanamke aliyelala uchi ameupa mgongo upande wa mtazamaji, picha ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Watu wa wakati wake walimlaumu kwamba ameongeza pingili za uti wa mgongo. Mwaka 2004 madaktari wa Ufaransa waliupima mgongo ule kwa hesabu ya miili ya watu halisi, wakakata shauri kwamba pingili zilizozidi ni tano. Ingres alitaka mstari mrefu laini wa kumpendeza mnunuzi, na mifupa ya mwanamke ikafuata matakwa hayo.

Hapo ndipo penye tofauti. Maloba alimkuza mama ili mama aseme neno. Ingres alimrefusha mwanamke ili atazamwe. Mabango yetu mengi yamefuata njia ya Ingres.

KIPIMO KINAPOMFIKA BINTI

Historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa yanayotokea pale mwili wa sifa unapolazimishwa kuwa mwili wa mtu. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, mkoani Kagera ya leo, kwa Mfalme Rumanika. Huko wake wa wakubwa walinenepeshwa kwa maziwa hadi wengine hawakuweza kusimama. Speke aliomba kumpima mmoja wa mashemeji wa mfalme, akaandika vipimo hivyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863. Kwa hesabu ya leo, mkono ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58, kifua 132 na paja 79.

Wasomaji wa Ulaya walishangazwa na tarakimu hizo. Mimi linalonigusa ni jambo jingine aliloliandika pale pale. Binti wa mwanamke huyo, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa ameketi mbele yao akinywa maziwa kutoka kwenye chombo, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa. Urembo uliosifiwa na ukoo mzima ulimfika msichana yule ukiwa na fimbo. Naye Speke hakuja na heshima kubwa zaidi: alikuja na utepe wa kupimia mwili usio wake.

Kaskazini mashariki mwa Kongo, jamii ya Mangbetu ilifunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba ili fuvu lirefuke kuelekea nyuma, na nywele zikasukwa kuurefusha zaidi. Wafinyanzi na wachongaji wao wakaitia sura hiyo katika mitungi na vinubi, wakaivuta hata kupita kichwa chenyewe. Msafara wa magari ya Citroën uliovuka Afrika mwaka 1924 na 1925 ulipiga picha na kuchora wanawake wa jamii hiyo, na sura ya mmoja wao ikaenea Ulaya kama pambo la kuuzia bidhaa. Mwili uliojengwa kwa ajili ya heshima ya nyumbani ukageuzwa tangazo ugenini, na mwenye mwili hakuulizwa.

MCHORO ULIOTUKANA

Mchoro uliokuzwa unaweza pia kuwa silaha. Mwaka 1810 Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa London akaonyeshwa kwa watazamaji waliolipa kiingilio. Wachoraji wa katuni wa mji ule walimchora na makalio yaliyokuzwa kupita kiasi, picha zikachapishwa na kuuzwa barabarani. Kwa wengi ambao hawakumwona kamwe, picha hizo ndizo zilizokuwa Sarah. Alifariki Paris mwishoni mwa mwaka 1815 akiwa angali kijana. Mifupa yake iliwekwa kwenye maonyesho ya makumbusho hadi miaka ya 1970. Afrika Kusini iliidai, ikarudishwa, na mnamo tarehe 9 Agosti 2002 akazikwa Hankey kwa heshima zote.

Mtu angetarajia kwamba baada ya kisa hicho hakuna serikali ya Afrika ingetaka tena kuwatangazia wageni nyonga za wanawake wake. Lakini Februari 2019, hapo ng'ambo ya pili ya mpaka wetu, Waziri wa Nchi wa Utalii wa Uganda, Godfrey Kiwanda Suubi, alizindua mashindano ya wanawake wenye miili minene yenye umbo, akayaeleza kuwa njia ya kuvutia watalii. Waliopinga walikuwa wengi na walisema kwa sauti. Walihoji iweje mwanamke ahesabiwe pamoja na maporomoko ya maji na sokwe wa milimani. Waliounga mkono walijibu kwamba mwili mnene umedharauliwa kwa miaka mingi katika mashindano ya urembo, na sasa wenye nao wamepata jukwaa lao.

Hoja hiyo ya pili ina ukweli ndani yake, na mimi naiheshimu. Mwanamke mnene ana haki ya kusimama jukwaani bila aibu. Ila kumtoa mwanamke katika kipimo cha wembamba na kumtia katika kipimo cha nyonga ni kumhamisha tu kutoka gereza moja kwenda jingine. Binti aliyezaliwa na nyonga nyembamba hapa Chakol atakuwa amepungukiwa na nini?

BRASHI NA SIMU

Yapo mabadiliko ambayo kila mkazi wa mpakani ameyaona. Mabango ya brashi yanapungua. Badala yake yanakuja mabango ya plastiki yaliyochapishwa kwa mashine, yenye picha zilizotolewa kwenye intaneti. Na katika kila mkono kuna simu inayoweza kulainisha ngozi, kupanua macho, kubana kiuno na kukiongeza kiwango cha weupe kabla picha haijatumwa.

Watu wengi huyaona mabadiliko haya kuwa maendeleo. Mimi naona tumepoteza kitu cha maana. Bango la brashi halimdanganyi mtu. Mtoto wa darasa la tatu akiliona anajua ni mchoro: rangi imechuruzika, jicho moja limepanda juu ya jingine, shingo ni ndefu kama ya twiga. Anacheka, anapita. Picha ya simu imekuza vile vile, tena pengine zaidi, lakini imejificha. Inajifanya kuwa mtu wa kweli, na mara nyingi ni mtu anayejulikana, mwanafunzi mwenzake au jirani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walisema wahenga. Lakini mkakasi ule uliweza kufunuliwa. Picha iliyotengenezwa kwa simu haina kifuniko cha kufunua.

Nguvu ya picha za namna hii imepimwa. Katika mkoa wa Nadroga, visiwani Fiji, mwili mnene ulikuwa ukisifiwa tangu jadi. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kufika, kisha wakalihoji kundi jingine la rika lile lile mwaka 1998. Katika kundi la kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue uzito. Katika kundi la pili, asilimia 11.3 walisema hivyo. Miaka mitatu ilitosha kuwafanya wasichana wauhujumu mwili ambao mama na bibi zao walikuwa wameusifu. Hiyo ilikuwa televisheni iliyokaa nyumbani na kuzimwa usiku. Simu hulala chini ya mto.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Sisemi mabango yapakwe chokaa. Wachoraji wa mabango ni miongoni mwa wasanii wachache wanaokula kwa jasho la brashi katika Kaunti ya Busia, na kazi yao inastahili kulindwa kuliko inavyolindwa sasa. Ninachowaomba ni kuchagua upya kiungo cha kukuza.

Mtazameni mama anayevuka Malaba alfajiri na gunia la mahindi, au anayeuza omena na mitumba sokoni Busia hadi jua linatua. Biashara ndogo ya mpaka huu imesimama juu ya wanawake wa aina yake. Mchoreni mama huyo. Mkuzeni mikono, kwa sababu mikono ndiyo iliyosomesha watoto. Mpeni mabega mapana kuliko aliyonayo, kama Maloba alivyompa mama wa Kampala urefu wa ajabu. Mpeni ngozi yake mwenyewe, weusi wake wote. Mwenye saluni atakayetundika picha hiyo hatapoteza mteja, maana wateja wake watajiona mlangoni kabla hawajaketi kwenye kiti.

Kwenu walimu wa sanaa: wafundisheni watoto ile hesabu ya vichwa saba. Wapimane wenyewe darasani kwa kamba na chaki, kisha watoke nje wayapime mabango. Mtoto aliyegundua kwa mkono wake kwamba mwanamke wa bangoni ana vichwa vinne, na yule wa tangazo la nguo ana kumi, hatadanganyika kirahisi na picha nyingine yoyote. Na shule za Teso Kusini na Kaskazini ziwapeleke wanafunzi Kakapel. Ni aibu mtoto wa Amukura kujua sura za wanamitindo wa ng'ambo na asijue michoro iliyo kwenye mwamba wa kwao.

Kwa serikali ya kaunti: majengo ya umma yana kuta nyingi tupu, kuanzia sokoni hadi zahanati. Wapeni wachoraji wa mabango kuta hizo na malipo ya haki, wachore watu wa hapa.

Na kwenu wazazi. Binti akiuliza kama ni mzuri, msimlinganishe na dada yake, binamu yake wala picha iliyo kwenye simu. Msimwite mnene wala mwembamba mbele ya wageni, hata kwa mzaha, kwa kuwa mzaha huo hubaki masikioni mwake miaka mingi. Msimnunulie mkorogo wa kumbadilisha rangi, wala msinyamaze mkiuona chumbani mwake. Mwambieni wazi kwamba picha zote anazoziona zimepitia mkono wa mtu aliyekuwa na kitu cha kuuza, na kwamba mwili wake haukuumbwa ili ulingane na bango. Neno hilo halina gharama, na anayepaswa kulisikia kwanza kutoka kwenu yumo nyumbani mwenu leo.